Mguu wa Bibi Uliokuwa Kimya

Leo Jumanne, saa kumi na robo jioni, dada amepaka jeli kwenye nywele, na harufu yake imenirudisha kwenye chumba cha kipimo.

Nilikuwa darasa la tatu. Mguu wa bibi ulivimba mpaka akaacha kwenda Katonga kununua dagaa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchua kwa mawese ya moto, asubuhi na jioni.

Mama alipotupeleka hospitali, daktari alimpaka jeli ya baridi, akapitisha juu yake kile kifaa cha kusikiliza damu ikitembea mishipani. Kwenye mguu ulio mzima damu ilivuma kama upepo wa ziwani. Kwenye ule uliovimba hatukusikia kitu.

"Damu imeganda," alisema. "Usichuliwe tena. Kipande kikikatika kinakwenda mapafuni, na kinaua. Bibi, nani anakuchua?"

Nilitazama sakafu.

"Najichua mwenyewe," bibi akajibu. "Mikono ninayo, au mashine yako haijaiona?"

Daktari akacheka, mama naye akacheka. Jana yake tu nilikuwa nimekandamiza kwa nguvu zangu zote, na bibi akaniambia, "Hapo hapo, mwana wanje, mwanangu."

Kesho yake asubuhi, alipokwisha kumeza dawa, bibi alinyoosha mguu mkekani, akanisogezea chupa ya mawese kwa mazoea. "Haya, njoo." Niliichukua chupa nikairudisha jikoni, kisha nikaja kukaa karibu na mguu wake, mikono yangu nimeikalia.