Kwa Baiskeli hadi Msanzi, na Honi Nyuma Yetu

Safari hii nililazimishwa na mke wangu, Anjela. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Sumbawanga, mzaliwa wa Mbeya, na kazi yangu siku hizi ni kuwashawishi watu wa mjini waache magari nyumbani kwa safari fupi: watembee au waendeshe baiskeli. Nimehubiri hivyo kwenye mikutano ya mitaa mpaka sauti ikakauka. Anjela alinisikia, akanunua baiskeli, akaanza kwenda nayo zahanati anakofanya kazi. Nikamkataza. Nilimwambia magari hayana huruma, nami sitaki kuwa mgane katika umri huu.

"Kwa hiyo wake za watu wapande, wa kwako abaki?" aliniuliza.

Tukakubaliana twende kwa baiskeli mpaka kwao Msanzi, wilaya ya Kalambo, tulale, turudi. Nikirudi bado nataka aache, ataiuza na hatalizungumza tena. La sivyo, ataendelea nayo, nami nitafunga mdomo.

Jumamosi alfajiri, mtaani kwetu Katandala. Nilikuwa nimeazima baiskeli ya jirani, na tangu nimalize shule sikuwahi kukalia nyingine. Tulipopita kijiweni, vijana wa bodaboda walinitazama kwa huruma.

"Mambo, bosi. Gari limekufa nini?"

"Poa. Lipo, limelala," nikajibu.

Walicheka. Siku nyingine ningeona aibu, ila asubuhi hiyo hofu ilikuwa imejaa mpaka aibu ikakosa pa kukaa.

Nje ya mji. Barabara ya kwenda Matai, makao makuu ya Kalambo, ni lami nzuri, na uzuri wake ndio ulionitisha, maana malori yanayoshuka ziwani hukimbia yatakavyo. Ufipa ni nchi ya wazi, nyasi na mahindi mpaka macho yachoke, kwa hiyo lori unalisikia mapema sana. Watu watasema hiyo ni heri. Mimi niliona ni adhabu, kwa sababu unaanza kuogopa likiwa bado mbali, unaendelea kuogopa linavyokaribia, na likishapita upepo wake unakusukuma ukingoni, pale lami inapokatika ghafla kama ngazi. Nilishika usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Mbele yangu Anjela alikuwa anaimba.

Kila tulipokutana na mzee, Anjela alishuka. Akalaza baiskeli ukingoni, akachutama, akapiga makofi taratibu na kuamkia kwa Kifipa: habari za nyumbani, za mashamba, za wagonjwa. Nami mkwe wa watu nilishuka, nikachutama nyuma yake.

"Hivi hatuwezi kusalimia tukiwa tunakwenda?" nilimuuliza baada ya kikongwe mmoja aliyetueleza ugonjwa wa miguu yake yote miwili.

"Juu ya baiskeli? Watasema binti wa Kasiano mji umemharibu."

Nilinung'unika, lakini moyoni niliwaombea wazee waongezeke. Kila mzee alinipa ruhusa ya kuwa chini.

Mchana, Msanzi. Baba mkwe, mzee Kasiano, alitupokea uani. Alizitazama baiskeli, akanitazama mimi niliyekuwa nimeshika ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Unatetemeka kama mwenye homa."

Tulikula ugali wa ulezi na migebuka ya ziwani. Anjela alipokwenda jikoni kwa mama yake, nilimweleza mzee makubaliano yetu, nikitarajia baba wa mtoto wa kike atakuwa upande wangu.

"Kuendesha nilimfundisha mimi," alisema. "Akaanza kwenda nayo sekondari. Kila siku nilikaa hapo nje nikisingizia kuchonga mpini, mpaka nimwone anarudi."

"Kwa nini hukumzuia, baba?"

"Shule ilikuwa mbali. Angefikaje?"

Akasema hivyo tu, akaniongezea samaki.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza. Tuliondoka na mawingu yamefunga upande wa Zambia. Radi za Ufipa hazina utani, na kwenye uwanda ule, ukiwa juu ya baiskeli, hakuna kilichokuzidi urefu isipokuwa nguzo za umeme. Ngurumo ya kwanza ilipolia nilisali kwa sauti, na Anjela hakunicheka. Tulikanyaga kwa nguvu. Mvua ilitupita pembeni, tukalowa kidogo tu, na paa za mji zilipoanza kuonekana nilijikuta natabasamu. Nilifikiri hatari imeisha.

Karibu na mji. Gari lilikuja nyuma yetu polepole, nami sikushtuka, maana la polepole haliogopeshi. Lilinipita, likamsogelea Anjela aliyekuwa mbele, likapiga honi ndefu sikioni mwake. Hapa kwetu mwenye gari akimwona anayemfahamu ni lazima apige honi. Kupita kimya ni kumdharau. Nikaona mkono unatoka dirishani unapunga. Nikaona gurudumu la Anjela linatoka kwenye lami, na Anjela akatoweka mtaroni.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nilikuwa nakimbia na kelele ninazozisikia ni zangu mwenyewe. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani, hasogei, na kwa muda huo mfupi nilikuwa nimeshamzika. Kisha akageuka, akatema udongo. Viganja vilikuwa vimechubuka na goti linavuja damu.

Dereva alikuja mbio, uso umempauka. Alikuwa Sanga, mwenzangu wa ofisini, tunayehubiri naye kwenye mikutano ileile.

"Shemeji, nisamehe. Nilikuwa nakusalimia tu."

Nilitaka kumpiga. Mkono ulikuwa umeshainuka nilipokumbuka kwamba hata mimi huwasalimia hivyohivyo, kila asubuhi, watu wote ninaowapenda hapa mjini. Nikaushusha.

"Hayo makubaliano yameisha," nilimwambia Anjela. "Umeona mwenyewe. Baiskeli inauzwa."

Alijifuta viganja kwenye kanga, akamtazama Sanga.

"Shemeji, sasa umeshuka. Nisalimie."

Sanga akachutama kwenye majani na viatu vyake vya kanisani, akapiga makofi, akamuuliza habari za Msanzi na za wazee. Anjela akamjibu moja baada ya nyingine, huku damu inamtiririka mguuni. Alipomaliza, akainua baiskeli yake, akanyoosha usukani, akanigeukia.

"Kesho zahanati kuna wajawazito," alisema. "Nitafikaje?"

Nilitaka kusema nitakupeleka kwa gari. Nikamkumbuka mzee na mpini wake, nikaokota baiskeli yangu.

Nyumbani. Tumerudi na baiskeli mbili, moja imepinda kikapu. Mliosubiri niseme kwamba nimepona hofu mtanisamehe. Mkutanoni Katandala niliwaambia watu ukweli: ninaogopa zaidi kuliko nilipoondoka, na aliyetuangusha hakuwa lori, alikuwa rafiki. Nikawaomba wanaobaki na magari wakitaka kutusalimia wasimame, washuke. Sanga alikuwa wa kwanza kuitikia.

Anjela hakuiuza. Kila asubuhi anapokata kona ya barabara kuu, nami nikimfuata nyuma kwa baiskeli ya jirani, na jasho la woga mgongoni, magari yanalia kila upande, na kila honi inanisimamisha moyo. Lakini barabarani honi moja imepungua, nayo ni yangu.