Trakta ya Makala

Fundi wa karibu na gare ya treni hazimi trakta yake kabla shamba halijaisha. Aliiunda mwenyewe: motere ya lori la zamani, mikanda ya mashini ya unga mahali pa gia, na mbele pipa la makala, yaani makaa ya kuni, ambayo hewa yake ndiyo inayoendesha motere badala ya mafuta. Ikizimwa, kuiwasha tena ni kupepea mpaka mabega yaume. Basi hata kula anakula palepale kwenye kiti, vidole vimegusa mkanda kama anayepima homa ya mtoto, na ukimsalimu anajibu kwa kidevu.

“Siku moja itatupasukia, ile chungu yako,” mzee Kalunga alimtania siku fundi alipokuja kumlimia shamba kabla ya mvua.

“Ikipasuka, papa, tutakula mihogo ya kuchoma.”

Kazi ilikwenda vizuri mpaka kona ya chini. Pale ilisimama mihogo aliyoipanda mke wa Kalunga kabla hajafa, na tangu mazishi hakuna aliyeigusa. Kalunga aliinua mkono amzuie. Motere ikanyamaza. Fundi alikuwa ameizima mwenyewe.

“Hii iko ya mama?”

“Njo yake,” Kalunga alikubali.

 Fundi alishuka, akachukua kipepeo, akapepea makala mpaka shati likalowa. Motere ilipowaka alilima kuizunguka ile mihogo, akaacha njia ya kumtosha mtu mwenye kikapu.