Fimbo ya Mninga kwa Mkono wa Kaka

Mbao ya fimbo ya pool huchaguliwa kwa jicho kwanza. Naiinua usawa wa uso, nafumba jicho moja, nafuata nyuzi za mti toka mwanzo mpaka nchani. Nyuzi zikitokea ubavuni kabla ya kufika, hiyo haifai, hata iwe na rangi ya kumtoa mtu udenda. Itakuja kupinda, au itakatika siku mchezaji amekasirika. Hayo nilijifunza kwa kuharibu, maana shule niliishia la saba na ufundi huu sikufundishwa na mtu. Nilikuwa na ndoto tu: kila meza ya pool toka Sumbawanga mpaka Tunduma ichezewe na fimbo zangu.

Ndoto yenyewe ilianzia kwa kaka. Alikuwa akibeba magunia ya mahindi kwa wanunuzi wa Laela, yote shingoni, na Jumapili baada ya misa alikuwa mfalme wa meza ya pale stendi. Halafu akaanza kukosa. Mpira umekaa mdomoni kabisa mwa tundu, anakosa.

"Fimbo zao zimepinda," aliniambia. "Dogo, nichongee ya kwangu."

Nikachonga ya mkaratusi. Akairudisha: nzito. Nikachonga ya msindano. Akairudisha: inatetemeka. Nilimwamini kila neno, nikawa nailaumu miti. Asubuhi za kipupwe nilimwona akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, nikasema moyoni, baridi hii ya kwetu, nani asiyeshika hivyo?

Kwa fundi wa vitanda nikapata kipande cha mninga kilichobaki. Jamani, kile kipande! Chekundu, kina mistari myeusi kama asali iliyomwagika, na nyuzi zake zimenyooka mwanzo mwisho. Nikakipasua, nikaweka juu ya uchanja ulio juu ya moto jikoni, kando ya mahindi ya mbegu, kama kwetu tunavyokausha mipini ya majembe. Moshi hukausha polepole, mti haushtuki.

"We mwanangu," mama alilalamika, "hayo madude yako yataniangukia kwenye sufuria."

"Yakianguka, mama, leo tunakula ugali wa mninga."

Akacheka mpaka moshi ukampalia.

Mbao ilipokauka niliigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia kama kengele ndogo. Nikaipiga randa, nikaikwangua kwa kipande cha chupa, nikaisugua msasa, nikabandika ngozi nchani. Niliipima mkononi nikasema, hii sasa, hata kipofu atafunga.

Jumapili tukashuka Laela wote wawili. Mama mwenye meza ya pale stendi alikuwa ameniahidi: kaka yako akiikubali, unanitengenezea za meza yangu yote. Mpinzani alikuwa dereva mmoja wa bodaboda mwenye mdomo.

"Oyaa, mfalme kaja na mkuki mpya!"

"Utakuchoma wewe," kaka akamjibu, watu wakacheka.

Akainama. Mpira rahisi. Akapiga, ncha ikauparaza mpira mweupe ubavuni, ukajiendea kando kama mlevi. Akapaka chaki, akarudia zamu iliyofuata, vilevile. Ya tatu fimbo ilimtoka mkononi ikaanguka chini.

"Imepinda," kaka akasema, bila kuniangalia.

"Imepinda?" Yule dereva akaiokota, akaiweka juu ya meza, akaibingirisha. Fimbo iliyopinda hudundadunda. Ile ilikwenda kimya mpaka ukingoni, bila hata kuruka. Akaibingirisha tena kurudi. Kimya.

"Mshikaji," akasema, na safari hii hakuwa na utani, "fimbo imenyooka hii."

Watu wote wakageuka kuutazama mkono wa kulia wa kaka. Na mimi nikautazama. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja vyenyewe, na nyama ya chini ya kidole gumba ilikuwa imebonyea. Nililala naye chumba kimoja mwaka mzima, sikuwa nimeona.

Mama mwenye meza akaipapasa ile fimbo. "Nzuri kweli, fundi. Nitengenezee za meza yote."

Nilishukuru.

Hospitali walisema ni shingo, ni magunia, yamebana mishipa ya fahamu iendayo mkononi, asibebe tena. Msimu wa mahindi ulipofunguka akarudi kubeba, maana nyumbani tunakula kila siku. Alihamishia uzito bega la kushoto.

Fimbo zilipokamilika nilimwomba anisindikize kuzipeleka. Alikuwa amekaa kizingitini, anahangaika kufunga vifungo vya shati. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akausukuma taratibu.

"Nenda tu, mdogo wangu," akasema. "Waambie zimenyooka."