Gari la Kijani na Ng'ombe wa Baba

Kabla ya gari letu la kijani, watu wa kilimani kwetu, juu ya Mbeya, walishusha viazi mjini kwa kichwa. Mimi mwenyewe nimeshusha viazi hivyo nikiwa na mimba, kwa hiyo mtu asinifundishe uzito. Gari lilipokuja, miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado ndiye mwenye serikali, mume wangu alikaa kwenye usukani kama mwenye mali, si kama dereva wa mtu. Nasema "kama". Mtaona kwa nini.

Lilikuwa lori dogo, limetumika, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Tulilichukua Iringa kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la magari na vipuri. Iringa ndiko kwetu mimi. Ni Mhehe, nimeolewa tu huku kwa Wasafwa. Baba yangu alijuana na yule mzee tangu zamani, alikuwa akimuuzia mahindi, naye ndiye aliyesimama shahidi. Mume wangu akatoa fedha ya kwanza, akatia sahihi, nyingine atalipa kila mwezi. Mkataba wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Aliukunja akauweka ndani ya Biblia, nadhani alitaka ulale na Neno la Mungu upate upole.

Tulifanya kazi. Viazi kutoka kwetu, mpunga kutoka Chimala, tunapeleka Iringa. Tukirudi tunabeba chumvi, sukari na nguo. Utingo wake nilikuwa mimi. Gari likikata pumzi mlimani, utingo anaruka chini na gogo lake, analitia nyuma ya tairi kabla gari halijarudi nyuma na kuwaua wote. Niliruka hivyo na mtoto mgongoni. Madereva wengine walinicheka njiani.

"Mama, mumeo amekosa mwanaume wa kumsaidia?"

"Wanaume wapo," nikawajibu. "Yeye alitaka kufika."

Siku moja, mavuno yamekwisha na mvua inanukia, tulifika sokoni Chimala tukakuta watu wamejaa. Msangu mmoja tuliyejuana naye, mwenye lori kubwa kuliko letu, alikuwa amesimama mikono kichwani. Watu wa kule alikonunua lori walikuja na askari. Hawakupiga kelele, hawakumtukana. Walishusha magunia yake ya mpunga moja moja, wakayapanga kando ya barabara vizuri kabisa, wakawasha lori lake wakaondoka nalo. Alikuwa amechelewa kulipa.

"Lakini amebakiza kidogo tu!" mama mmoja muuza vitumbua alilalamika. "Karibu amalize!"

Yule Msangu akakaa juu ya gunia lake. Tulimsalimia, hakutusikia.

Mimi nikatazama lori letu. Kwa mara ya kwanza nikaliona kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba ya mtu mwingine.

Tulipofika nyumbani, mume wangu hajavua hata koti, nikamwambia, "Tumalize deni la gari. Sasa hivi, fedha ya mavuno ikiwa bado ina joto. Mvua ikikata barabara hatutabeba kitu, na tusipobeba tutalipa nini?"

"Nimalize? Unataka nimtukane yule mzee?"

Kijana wa leo atacheka, lakini mume wangu hakuwa mjinga. Kwetu mahari hayamalizwi. Aliponioa alileta ng'ombe, na baba yangu mwenyewe akasema, mmoja mbakize. Ng'ombe yule ndiye kamba ya undugu. Mkwe akileta mpaka wa mwisho, ni kama amesema, "Nimelipa, sasa tusijuane." Mume wangu aliliangalia deni la gari kwa jicho hilohilo.

"Yule mzee alinipa gari na si ndugu yangu," akasema. "Nikimmaliza mapema, kabla hata hajadai, nimemwambia sina haja naye. Siku injini ikifa nitakwenda kwa nani? Acha deni liende polepole. Deni la heshima hilo."

Hapo alinikamata. Ningepinga vipi, na mimi mwenyewe nilikuwa nakaa kwake na ng'ombe mmoja hajalipwa? Lakini mimi si mtu wa kulala nimeshindwa.

"Basi, mambo ya mahari hayaamuliwi na sisi watoto," nikasema. "Twende tukamuulize baba."

Hilo hakuweza kulikataa.

Tulimkuta baba uani kwake Iringa, anapukuchua mahindi. "Kamwene, baba," nikasalimia. "Kamwene, mwanangu." Mume wangu akachuchumaa mbali kidogo, kama mkwe anavyotakiwa, akaeleza yote, ya Msangu na ya heshima. Baba aliendelea kupukuchua mpaka bunzi likabaki tupu.

"Mkwe wangu, ng'ombe wangu mmoja yuko kwako?"

"Yuko, baba."

"Nikiamka kesho na hasira, naweza kuja Mbeya nimchukue mwanangu kwa ajili ya ng'ombe huyo?"

Mume wangu akacheka. "Huwezi, baba. Si wewe mwenyewe uliyesema abaki?"

"Vema. Na mwenye duka, akiamka na hasira?"

Kicheko kikaisha. "Sijui, baba."

"Hujui! Unaishi na kitu mwaka wa pili huu, hujui kama umekioa au unakitunzia mtu?" Baba akatupa bunzi kuku wakatawanyika. "Inukeni. Na hiyo karatasi yenu mmekuja nayo?"

Niliitoa kwenye kanga. Nilikuwa nimeitoa kwenye Biblia asubuhi ile, sikumwomba mtu ruhusa.

Dukani yule mzee alitupokea vizuri, akaagiza chai. Baba akakataa kunywa kwanza. "Tusomee hii karatasi kwa Kiswahili. Polepole. Usiruke."

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili la misheni. Kiingereza sikijui, lakini kuhesabu mistari najua. Nikaweka kidole kwenye fungu la kwanza, na kila alipomaliza moja nikashusha kidole kwenye jingine.

"Hapa panasema nini?"

Mzee akavaa miwani. "Hapa panasema, gari ni mali ya duka mpaka malipo ya mwisho yafike."

"Hata sasa?" mume wangu akauliza.

"Hata sasa, bwana. Wewe kwa sheria umelikodi. Ukilipa ya mwisho, ndiyo unakuwa umelinunua."

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa ameliosha gari lile kila Jumamosi kama anaogesha mtoto.

"Na hapa?"

"Ukichelewa kulipa, duka linaweza kulichukua. Fedha uliyokwisha lipa hairudi."

"Hata kama kimebaki kidogo?"

"Karatasi haisemi kidogo wala kingi, mama."

"Na hapa chini, maandishi madogo kama mayai ya chawa?"

Mzee akasogeza karatasi karibu na pua. "Hapa, mnunuzi akitaka kumaliza mapema, ruhusa. Atoe taarifa, alipe chote kilichobaki. Faida ya miezi ambayo haijafika, duka litampunguzia sehemu."

"Sehemu, si yote?"

"Si yote. Na mimi nina watoto."

"Mbona hukutuambia siku ile?"

Akavua miwani. Hakuona haya, wala sikuona sababu ya yeye kuona haya. "Mama, anayekuja kuchukua gari ananiuliza jambo moja tu: naondoka nalo saa ngapi?"

Baba akacheka, akavuta kikombe chake cha chai. Nikamwambia mzee apige hesabu kwa sauti, mara mbili. Alipiga. Ukitoa ile sehemu, tulichobakiza kilikuwa ndani ya fedha yetu, na ya mbegu inabaki. Nikafungua fundo la kanga.

Lakini mume wangu akanishika mkono. Jasho lilikuwa limemtoka. "Mzee," akasema, "nikikulipa yote leo, hutaona kwamba nimekudharau?"

Yule mzee alimwangalia, akamwangalia baba, akadhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye sahani ya maandazi.

"Nidharau, ndugu yangu! Nidharau hivyo kila mwaka! Na wenzako wa Mbeya waambie waje wote wanidharau!"

Tukalipa. Aliandika stakabadhi, akaandika na juu ya mkataba kwamba umekwisha, akagonga muhuri. Ya kadi ya gari akasema tuirudie kesho. Nikaketi juu ya gunia la sukari, nikamtoa mtoto mgongoni nikamnyonyesha. Alipoona siinuki, akaenda kuitoa kwenye sanduku la chuma.

Njiani kurudi kwa baba, mume wangu aliendesha kwa mkono mmoja, anaimba. Kumaliza kulikuwa kumemlevya.

"Baba," akasema, "na ng'ombe wako nimlete mwezi ujao, tufunge hesabu!"

"Simamisha gari," baba akasema. Akasimamisha. "Thubutu! Ukimleta huyo ng'ombe nitamrudisha Mbeya kwa fimbo, na wewe nyuma yake. Gari limalize. Mimi usinimalize."

Mvua ya mwaka ule ilikata barabara kama nilivyosema. Lori letu lilikaa uani, kuku wakapata pa kulala, na hakuna mtu aliyekuja kuligusa. Barabara ilipofunguka, mume wangu aliwafukuza kuku, akaliosha, tukaenda Chimala.

Baba alikwisha kufa, na mume wangu pia. Lori liliuzwa vyuma. Ng'ombe yule bado tunadaiwa. Wajukuu wa kaka zangu wakija kunitembelea kutoka Iringa huniuliza mlangoni, kabla ya kuketi, "Bibi, ng'ombe wetu hajambo?"

Nawajibu hajambo, anakula majani, ingieni ndani mle chakula.