"Bei" ya Shamba la Bi Zuwena

Naikumbuka siku moja ya mvua pale mjini Chake, mwanangu, nilipoweka mkataba mezani kwa Mzee Khalfan nikasimama kusubiri sifa. Nilikuwa wakili mpya, na yeye ndiye aliyekuwa akinifunza kazi.

Mkataba ulikuwa wa Bi Zuwena wa kijiji cha Wambaa. Mwanawe, aliyeishi Maskati miaka mingi, alikuwa amepata kampuni ya huko ya kuwajengea kwa mkopo, yeye na mamake, mtambo wa kukamua mafuta ya majani ya mkarafuu, ili naye apate sababu ya kurudi kwao. Dhamana ya mkopo ilikuwa shamba la mama. Sheria basi zikawa mbili: za Maskati, ambako kampuni ile hairuhusiwi kugusa riba, na zetu, zenye taratibu zake za ardhi na mikopo. Niliandika nakala ya Kiswahili na ya Kiarabu, nikajiona nimemaliza.

Mzee akatua kidole penye "bei ya shamba imekubaliwa."

"Hii bei ndiyo nini?"

"Thamani yake, Mzee."

"Kwetu, ndiyo. Kwenye Kiarabu umeliacha neno lile lile, na kwao bei ni kuuza. Mkigombana mbele ya hakimu wa huko, Bi Zuwena keshauza."

Niliona haya, wallahi. Yeye hakunigombeza zaidi. Alimwita Bi Zuwena, akanitaka nimsomee neno kwa neno.

"Miye n'naliweka tu, siliuzi," akasema yule mama. "Mwanangu akirudi atakaa wapi?"

Tukayaandika hayo katika nakala zote mbili: limewekwa rehani, halikuuzwa. Tukataja na mahakama itakayosikiliza ugomvi.

Mwanawe alirudi. Nikipita Wambaa nikasikia harufu ya mafuta yale, namkumbuka Mzee Khalfan. Hata sasa nikimaliza mkataba hugeuka nimwoneshe, kisha nikakumbuka kwamba tulishamzika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu. Neno likivuka bahari, liulize huko linaitikaje. Na anayetia saini msomee kwa lugha ya nyumbani kwake, umsikilize atakalojibu.

Mola akujaalie mtu wa kukukemea mapema, na akuachie yeye muda mrefu kuliko alivyoniachia mimi wangu.