Gari la Samawati la Manga

Tangu nianze kufundisha katika shule ya Manga, nilikuwa nikiota gari. Hata nikiandika ubaoni, nilijiona nikipanda mlima polepole, ukungu ukinipisha njia.

Basi nikalinunua la Nyambane, mfanyabiashara wa Keumbu: gari dogo lenye mgongo kama wa kobe. Miaka mitatu nilikuwa nikiliona limelala kwenye migomba yake, na majirani wawili walishuhudia kwamba ni lake, vile tunavyonunua ng'ombe. Tukala kuku na ugali wa wimbi, tukashikana mikono. Kitabu cha usajili wa gari alinipa ndani ya bahasha. Sikuifungua. Mimi huyu, ninayewakaripia watoto kwa kujibu swali ambalo hawajalisoma!

Nikalipaka samawati, rangi ya anga mvua ikishaisha.

Sabato iliyofuata nikamwomba pasta wetu mpya, aliyerudi juzi kutoka masomoni ng'ambo, aliombee. Kanisa zima lilituzunguka. Akaweka mkono juu ya boneti, akataka kitabu ili amtaje mwenye gari mbele za Mungu. Nikampa bahasha, nikafumba macho, nikangoja kusikia jina langu likipaa juu ya milima.

Nikafumbua jicho moja.

"Mwalimu," pasta alisema taratibu, akivua miwani, "hapa pameandikwa jina langu. Gari hili nilimwachia Nyambane anitunzie, vile tunavyoachiana ng'ombe." Akalipapasa. "Lakini rangi umelichagulia nzuri."