Mzinga wa Baba Juu ya Muvutu

Safari hii niliifunga kwa sababu ya simu ya mjomba. Alisema fundi wa mbao kutoka mjini anautaka ule muvutu ulio shambani kwake Matinyani, na wameshaelewana. Kikwazo kilikuwa mzinga wa marehemu baba yangu ulioko juu yake. Kwetu, mti wenye mzinga wa mtu haukatwi mpaka mwenyewe auteremshe au atoe ruhusa, na baba hakuacha mtoto mwingine ila mimi. "Kuja uamue," alisema mjomba, akakata simu. Muvutu ni ule mti ambao wengine huuita mringaringa. Hutoa milango mizuri, na hata mzinga wenyewe baba aliuchonga kutoka tawi lake.

Asubuhi niliteremka kutoka kwetu milimani Kilungu kungali na ukungu, na maparachichi mkononi, maana kwa mjomba hakuendwi mikono mitupu. Niseme ukweli: nilikuwa nakwenda kutoa ruhusa nirudi zangu. Nyuki nawaogopa, na mzinga ningeuweka wapi, chumbani?

Kwenye kituo cha Salama nilikunywa chai nikisubiri gari la Machakos. Mama muuza chai aliposikia ninakokwenda, akauliza tangu lini wanawake wakaamua mambo ya mizinga. Nikamwambia hata mimi nashangaa.

Mchana nilifika Kitui, ambako joto hukupokea kabla ya wenyeji. Kufika Matinyani nikausikia mti kabla sijauona. Ulikuwa umechanua wote, maua meupe yamejaa kila tawi na mengine yametanda chini, na nyuki wakivuma bila kupumzika. Juu niliuona mzinga, na ubavuni mwake alama ya baba aliyoichoma kwa chuma cha moto: mistari miwili iliyopindana. Nilikuwa sijaiona tangu tumzike. Machozi yalinitoka palepale njiani, na sikuyazuia.

Mjomba alinipokea vizuri, akauliza hali ya magoti ya mama yangu, akazungumzia mvua. Habari za mti hakuzigusa. Jikoni, mkewe alinieleza huku akikoroga muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, kwamba tangu mzee akubaliane na fundi halali vizuri. Mti huo aliupanda yeye na baba yangu wakiwa vijana.

"Basi si akatae?" nikauliza.

"Atakataa aje, na alishasema ndio? Mjomba yako unamjua. Hata kuku akisema atauza, lazima auze."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini niliitwa.

Jioni fundi alifika na msumeno wake nyuma ya pikipiki. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Alidai mwenye mzinga alishakufa, na mtoto wa kike harithi mzinga, kwa hivyo hakuna wa kuulizwa.

"Mwenyewe yuko hapa," akasema mjomba. "Muulize yeye."

Fundi akanigeukia. "Mama, hii mzinga ni yako?"

"Ni yangu," nikasema. "Na haishuki."

Mjomba akaanza kunikaripia mbele ya mgeni: nimemwaibisha, nina kichwa kigumu kama cha baba yangu, watoto wa siku hizi hawasikii wazee. Nami nina wajukuu. Niliangalia chini, kama inavyopasa. Fundi akamwonea mzee huruma, akampa pole, akaondoka na msumeno wake. Pikipiki ilipopotea kwenye kona, mjomba aliingia ndani. Wakati wa kula nilikuta kipande kikubwa cha kuku kimewekwa kwenye sahani yangu.

Kesho yake nilirudi Kilungu. Mama aliuliza mzinga uko wapi, nikamjibu uko mahali pake. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kukuita uje useme ndio, huku moyoni akiomba useme hapana, na heshima ni kumsikia pale asipoweza kusema.

Lakini mjomba naye alinifundisha lake tulipoagana barabarani. Alinishika mkono, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Asali ikikomaa nitakupigia. Kwetu mwenye mzinga ndiye hupanda juu kuirina."

Tangu hapo, kila simu ikilia naitazama kwanza ni nani.